Chipu moja unachimba, inayofuata unapiga topu: kosa ni lile lile

Swali: Nacheza gofu mwaka wa nne sasa na handikapu yangu (kipimo cha uwezo, ndogo ndiyo bora) ni 22. Mpira naufikisha karibu na grini, pale penye nyasi fupi na shimo, bila taabu kubwa, ila nikishafika pale ndipo kadi ya matokeo inapoharibika. Chipu moja, ule mpigo mfupi wa kuufikisha mpira kwenye grini, nachimba, mpira unasogea hatua mbili. Inayofuata napiga topu, yaani makali ya fimbo yanaugonga mpira tumboni, unavuka grini na kutokea upande wa pili. Uwanja wetu uko nyanda za juu na nyasi zake ni kikuyu. Nikishuka pwani kwa mashindano, hali inazidi kuwa mbaya. Kedi wangu, anayenibebea fimbo, kila siku ananiambia nitulize kichwa, na rafiki yangu ananishauri ninunue weji (fimbo ya mipigo mifupi yenye uso uliolala) ya digrii 60. Nianzie wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, anzia ardhini. Kabla ya habari ya kichwa, weji au bendera, jiulize fimbo yako inagusa ardhi wapi. Kuchimba na kupiga topu huonekana kama makosa mawili yanayopingana, ndiyo maana mchezaji hutibu moja akazalisha jingine. Akichimba, mara ijayo anajiinua. Akijiinua anapiga topu, na akipiga topu anajizamisha tena. Chanzo ni kimoja: mahali ambapo fimbo inafika chini kabisa katika mzunguko wake ni nyuma ya mpira, pengine sentimita 5, pengine 10. Fimbo ikizama pale, umechimba. Ikiteleza juu ya nyasi, au mikono ikaivuta juu ili kujiokoa, inaufikia mpira ikiwa tayari inapanda, na makali ya mbele ya fimbo yanaugonga tumboni. Mpira wa gofu una kipenyo cha milimita 42.67, kwa hiyo kutoka ardhini hadi katikati yake ni milimita 21 tu. Fimbo ikipanda kiasi hicho mapema, mpira unatoka kama risasi.

Sababu kubwa ya fimbo kugusa nyuma ni kutaka kuuinua mpira. Mtu anaona mpira umekaa chini, bendera iko karibu, anaegemea mguu wa nyuma na kukunjua vifundo vya mikono ili auchote mpira kwenda juu. Kazi ya kuinua mpira imeshafanywa na kiwanda: uso wa sandi weji umelazwa digrii 54 hadi 58, wa pichingi weji digrii 43 hadi 48. Wewe kazi yako ni kukifikisha kitako cha fimbo kwenye nyasi chini ya mpira, au kidogo mbele yake, na mpira utapanda wenyewe.

Hapo ndipo ninapotofautiana na kedi wako. "Tuliza kichwa" ni ushauri wa nia njema, lakini kwa mchezaji mwenye tatizo lako mara nyingi unaharibu. Ukigandisha kichwa kwa nguvu, kifua nacho kinaganda. Kifua kikisimama, mikono haina pa kwenda, inakunjuka mbele ya mwili na kukipitisha kichwa cha fimbo mbele ya mikono kabla ya wakati. Umerudi pale pale. Macho yabaki yanatazama mpira mpaka uondoke, sawa, ila kifua kiendelee kuzunguka mpaka kielekee bendera, na kichwa kikifuate.

Fanya kipimo hiki kabla ya kubadilisha chochote. Kwenye eneo la mazoezi, chomeka tii mbili (vijiti vya kuwekea mpira) ardhini, moja karibu na vidole vya miguu yako na nyingine mbali, zikiwa zimeachana sentimita 30 hivi, ili kati yao uone mstari ambao mpira ungekaa. Usiweke mpira. Piga chipu kumi ukipita katikati ya tii hizo, na baada ya kila moja angalia nyasi zilipolala au kung'oka. Mchezaji anayechipu vizuri anagusa kwenye mstari au sentimita 2 hadi 5 mbele yake, kila mara. Wewe huenda ukaona alama zako zimetawanyika nyuma ya mstari, na mbili tatu hazipo kabisa kwa sababu fimbo ilipita hewani. Usianze kupiga mipira mpaka alama nane kati ya kumi ziko mahali pake.

Kinachozisogeza mbele ni jinsi unavyosimama. Nitaeleza kwa anayetumia mkono wa kulia, wa kushoto ageuze. Visigino viwe karibu, upana wa kichwa kimoja cha fimbo kati yake, sentimita 12 hadi 15. Vidole vya mguu wa kushoto vigeukie bendera kidogo ili nyonga ipate njia ya kuzunguka. Mpira uwe katikati ya visigino. Upime kwa visigino, usiupime kwa vidole vya miguu: mguu wa kushoto ukigeuka, mpira ulio katikati utaonekana kana kwamba uko nyuma, na wengi kwa kuona hivyo huusogeza mbele na kuharibu kila kitu. Uzito uwe asilimia 60 hadi 65 kwenye mguu wa kushoto na ubaki huko kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hauendi kulia wakati wa kurudisha fimbo. Hili ndilo jambo ambalo, ukilishika peke yake, litakupunguzia nusu ya topu zako.

Shika fimbo chini kidogo, sentimita 4 au 5 kutoka juu ya gripu, ile sehemu ya kushikia, na simama karibu zaidi na mpira kuliko ulivyozoea. Mikono iegemee mbele kiasi kwamba mwisho wa gripu unaelekea sehemu ya ndani ya paja la kushoto. Usiisukume zaidi ya hapo. Kuna mafundisho ya zamani yanayosema mpira uwe nyuma kabisa kwenye mguu wa kulia na mikono mbele sana, na wachezaji wengi wa nyanda za juu bado wanayafuata. Tatizo lake linaonekana ukiugeuza weji na kutazama kitako chake. Kitako hicho hakiko bapa, kimechongwa ili sehemu ya nyuma ishuke chini kuliko makali ya mbele. Mteremko huo ndio baunsi, na kwa weji nyingi ni kati ya digrii 4 na 14. Kazi yake ni kuteleza juu ya ardhi fimbo inapogusa. Ukiegemeza mpini mbele digrii 10, weji yenye baunsi ya 10 haina tena baunsi: kinachobaki kuelekea ardhini ni makali tu, na makali kwenye kikuyu yanashika kama nanga. Kumbe mtu amesimama vizuri, uzito uko mbele, bado anachimba, na hajui kwa nini.

Mpigo wenyewe ni mfupi kuuelezea. Mikono na kifua vinarudi pamoja, vifundo vinakunjika kidogo tu kwa sababu ya uzito wa kichwa cha fimbo, kisha kifua kinazunguka kuelekea bendera na kuivuta mikono. Kitako cha fimbo kinapita kwenye nyasi kwa sauti ya fagio linalofagia uwanja. Sauti hiyo ni muhimu. Ukisikia mlio mkavu wa makali kwenye mpira, umepanda mapema. Ukisikia "dufu", umechimba. Kwa chipu ya hatua nane kichwa cha fimbo hakihitaji kupita magoti upande wowote. Kosa la kawaida ni kurudisha fimbo mpaka kiunoni, kisha kugundua njiani kwamba ni nyingi, na kufunga breki. Breki ikifungwa mwili unasimama, vifundo vinakunjuka, fimbo inagusa nyuma. Ni heri urudishe kidogo na kupita kwa uhakika. Mshiko uwe mwepesi, na ubaki vile vile tangu mwanzo hadi mwisho. Mkono unaoukaza ghafla kabla ya mpira ndio unaovuta makali juu.

Sasa mahali pa kuangusha mpira. Wachezaji wengi wa handikapu ya 20 na kuendelea wanatazama bendera na kujaribu kuupiga mpira "uende pale". Bendera haikupi kitu cha kupima. Chagua sehemu ndogo kwenye grini, ukubwa wa leso, hatua moja ndani ya ukingo, palipo tambarare, na hiyo ndiyo shabaha yako. Kutoka hapo mpira utabingirika. Kiasi utakachobingirika kinategemea fimbo, na kuna hesabu ya zamani inayosaidia sana: pima kwa hatua umbali kutoka mpira hadi mahali pa kuangusha, kisha kutoka hapo hadi shimoni. Gawanya umbali wa pili kwa wa kwanza. Jibu liondoe kwenye 12, na unachopata ni namba ya fimbo.

Mfano: mpira uko hatua 2 nje ya grini, unataka uanguke hatua 1 ndani, kwa hiyo utaruka hatua 3. Kutoka hapo hadi shimo ni hatua 9. Tisa kwa tatu ni 3, na 12 ukiondoa 3 ni 9. Chukua ayani 9 (ayani ni fimbo za chuma zenye namba, namba ikiwa kubwa uso umelala zaidi). Kama shimo lingekuwa hatua 15 kutoka mahali pa kuangukia, jibu ni 5, na fimbo ni ayani 7. Pichingi weji ihesabu kama 10, na sandi weji kama 11: ile inabingirika mara mbili ya ulivyoruka mpira, hii karibu sawa na ulivyoruka. Grini ikipanda, shuka namba moja, mfano kutoka 9 kwenda 8. Ikiteremka, panda namba moja. Grini nzito ya asubuhi yenye umande, shuka namba moja pia. Hesabu hii ni ya grini ya kasi ya wastani, na ayani za siku hizi nyingi zimesimamishwa uso kuliko za zamani, kwa hiyo zipige zako mwenyewe kwenye grini ya mazoezi, mipira kumi kwa kila fimbo, uone uwiano wake halisi. Inatosha kuwa na fimbo tatu unazozijua: ayani 8, pichingi weji, sandi weji. Mpigo ni ule ule, kinachobadilika ni fimbo tu. Anayechipu kila kitu kwa sandi weji analazimika kuwa na mipigo kumi tofauti kichwani.

Sasa kikuyu, maana hapa ndipo ushauri wa vitabuni vingi unapokosea kwa wachezaji wetu. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa nyasi laini za Ulaya na Marekani. Kikuyu ni nyasi ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, jina lake limetoka huku, na imesambaa mpaka California, ambako inapatikana kwenye feawei, zile njia za nyasi zilizokatwa, za uwanja wa Riviera jijini Los Angeles. Inatambaa kwa mashina manene juu ya ardhi na chini ya ardhi, inajisuka na kutengeneza godoro. Godoro hilo lina tabia tatu ambazo mchezaji lazima azijue.

Ya kwanza, linaumeza mpira unaoanguka. Ule mpigo wa kuangusha mpira mbele ya grini udunde na kupanda wenyewe, unaopendwa sana kwenye viwanja vya pwani za Uskoti, kwenye kikuyu ni kamari. Mpira ukigusa ukingo wenye kikuyu hata iliyokatwa, unaweza kusimama pale pale. Kwa hiyo kwako wewe sheria ya kuangusha ndani ya grini haina mjadala. Kama bendera iko karibu sana na ukingo kiasi kwamba mpira ukianguka ndani utapita shimo kwa mita 2 au 3, kubali. Mita 3 za kuputi, yaani kuubingirisha mpira juu ya grini, ni bora kuliko chipu nyingine kutoka kwenye nyasi zile zile.

Ya pili, linashika makali. Mashina yale yanakamata sehemu ya mbele ya fimbo, na kwa kuwa kisigino cha fimbo ndicho kinachokutana nayo kwanza, uso unafunga na mpira unakwenda kushoto chini chini. Mpira ukiwa umezama nusu, fungua uso wa sandi weji kidogo kabla ya kushika gripu. Mpangilio ni huo, uso kwanza halafu mikono, kwa sababu ukishika halafu ukageuza mikono, uso utarudi ulipokuwa fimbo ikifika kwenye mpira. Vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto vikaze kuliko kawaida. Rudisha fimbo kwa kuinua zaidi, vifundo vikunjike mapema, ili iingie kwa pembe kali na kukutana na nyasi chache. Tarajia mpira utoke bila mzunguko wa kurudi nyuma, kwa sababu nyasi zitakuwa kati yake na mifereji ya uso. Utabingirika zaidi ya hesabu ya 12, kwa hiyo ongeza namba moja.

Ukiwa umezama wote, unaona tu juu yake, sahau chipu. Cheza kama uko banka, shimo la mchanga: uso wazi, lenga nyasi sentimita 3 hadi 5 nyuma ya mpira, piga kwa nguvu mpaka mikono ipite kifuani upande wa pili. Lenga sehemu pana ya grini, usitazame bendera. Ukitoka kwa mpigo mmoja na ukaputi mara mbili, umecheza vizuri.

Ya tatu, linaubeba mpira juu. Kwenye kikuyu iliyokatwa vizuri mpira unakaa juu ya ncha za nyasi, na chini yake kuna nafasi. Inaonekana rahisi na inavutia, lakini weji ikiingia kwa pembe kali inapita chini ya mpira, mpira unagusa sehemu ya juu ya uso, na unaanguka nusu ya njia. Hapo inua kichwa cha fimbo kidogo wakati wa kusimama, kielee kwenye kimo cha mpira badala ya kukalisha ardhini, na tumia ayani 8 au 9 kwa mpigo wa kufagia. Kumbuka pia kwamba kanuni zinakuruhusu kuigusisha fimbo ardhini kwa wepesi nyuma ya mpira, ila si kuzikandamiza nyasi ili kuboresha nafasi yako. Kwenye kikuyu kuzikandamiza hutokea bila mtu kukusudia, na adhabu ni mikwaju miwili. Na mpira uliokaa juu namna hiyo unaweza kuteleza ukiugusa tu: nje ya grini, ukiusogeza bila kukusudia ni mkwaju mmoja na unaurudisha ulipokuwa. Kuielesha fimbo kunakuepusha na yote mawili.

Kuna mpigo mmoja zaidi unaofaa sana ukingoni, mpira ukiwa hatua moja au mbili nje ya grini na nyasi zimeuzunguka. Mwasisi wake mashuhuri ni Mmarekani Paul Runyan, mtu mfupi asiyepiga mbali, aliyemshinda Sam Snead kwa kuwa mbele mashimo 8 huku yakibaki 7 tu kwenye fainali ya PGA Championship ya mwaka 1938. Chukua ayani 7 au 8, simama karibu kabisa kama unaputi, inua mpini mpaka kisigino cha fimbo kitoke ardhini na ncha tu ndiyo iguse. Shika gripu kama ya puta, fimbo ya kuputi. Mpira ukae upande wa ncha. Kisha puti, mabega tu, bila vifundo. Kwa sababu kisigino kiko juu, nyasi hazina cha kukamata, na kwa sababu mpira unapigwa kwa ncha, unatoka mpole. Kwa anayeshtuka mkono kwenye chipu fupi, hii ndiyo dawa ya haraka kuliko zote ninazozijua.

Pwani ni habari nyingine, na ndiyo maana unazidi kuumia ukishuka. Kwanza, kimo cha uwanja hakihusiki: tofauti ya hewa ya nyanda za juu na ya pwani inaonekana kwenye draivu, ule mpigo mrefu wa kuanzia shimo, kwenye chipu ya hatua kumi hutaiona. Kinachobadilika ni ardhi. Viwanja vingi vya ukanda wa joto vina bermuda, nyasi yenye majani membamba, na wakati wa kiangazi ardhi chini yake inakauka ikawa ngumu. Mpira hauna godoro, umelala kwenye ardhi. Weji yako yenye baunsi kubwa, inayokuokoa nyumbani, hapa inadunda na kuleta topu. Weka sandi weji kando, chukua pichingi weji au ayani 9, uso usiufungue, mikono iegemee mbele kidogo zaidi ya kawaida. Na pale ambapo ukingo umekatwa mfupi na ni mkavu, tumia puta hata ukiwa hatua tatu nne nje ya grini. Nyumbani kikuyu ingeuzuia mpira, huku hauna wa kuuzuia.

Bermuda pia ina mwelekeo wa kuota, nao unaamua mambo. Ukitazama nyasi zikang'aa, zinaelekea mbali nawe, na fimbo itapita bila shida. Zikionekana nyeusi, zinakuelekea, na zitaikamata fimbo inayoingia chini. Kwa hiyo nyasi nyeusi, ayani 8 au puta. Nyasi za kung'aa, tumia weji ukipenda. Kwenye grini tazama mdomo wa shimo: mara nyingi upande mmoja una ukingo safi na mwingine umechakaa na kukauka. Upande uliochakaa ndiko nyasi zinakoelekea, na mpira unaokwenda huko utabingirika zaidi. Upepo wa kusi ukivuma, mpira wa juu unapeperuka hata kwa chipu, sababu nyingine ya kuuweka chini.

Kuhusu weji ya digrii 60, nasema hapana kwa sasa. Fimbo hiyo inafaa mtu ambaye tayari anajua anagusa ardhi wapi. Uso ukilala kiasi hicho, kosa la sentimita mbili ambalo pichingi weji ingelisamehe linageuka topu au mpira kupaa na kuanguka miguuni. Tazama Severiano Ballesteros, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978 na ambaye wengi wanamhesabu kuwa fundi mkuu wa mipigo ya karibu na grini: utotoni alijifunza kwa ayani 3 moja, kwenye mchanga wa ufukwe wa kwao Pedreña. Kama una fedha ya kutumia, angalia baunsi ya sandi weji uliyonayo, mara nyingi imeandikwa kwenye kitako karibu na digrii za uso. Kwa kikuyu laini, hasa masika, 10 hadi 14 ndiyo inayofaa. Iliyo na 4 au 6 itakuchimbisha hata ukisimama vizuri. Fedha inayobaki nunua mipira ya aina moja. Mchezaji anayetumia mipira ya kuokota ya aina tano tofauti hawezi kujua chipu yake itabingirika kiasi gani, kwa sababu mpira wenye ganda laini la urethane unasimama mapema kuliko ule wa ganda gumu. Na beba taulo yenye maji: mifereji iliyojaa udongo haishiki chochote.

Mazoezi. Mara mbili kwa wiki, dakika 45, yanatosha kama unayagawa vizuri. Robo ya kwanza ni tii mbili na alama za nyasi kama nilivyoeleza, kwanza bila mpira, halafu nao. Kisha weka taulo iliyokunjwa sentimita 12 nyuma ya mpira: ukiigusa, uzito wako umerudi nyuma. Piga pia chipu chache kwa mkono wa kulia peke yake, fupi fupi. Mkono mmoja hauna nguvu ya kulazimisha makali yashuke, unaliachia baunsi lifanye kazi, na utaisikia fimbo ikiteleza. Baada ya hapo tandika taulo hiyo hiyo kwenye grini, hatua moja kutoka ukingoni, na uipige kwa fimbo zako tatu kwa zamu, ukitazama kila moja inabingirika hadi wapi.

Nusu iliyobaki icheze kama mchezo, na mpira mmoja tu. Kupiga mipira thelathini kutoka sehemu moja kunakufurahisha bila kukufundisha, kwa sababu uwanjani hupati mara ya pili. Chagua sehemu tisa kuzunguka grini: tatu rahisi, tatu za wastani, tatu mbaya. Kila moja chipu kisha puti mpaka uingize. Par, yaani mikwaju inayotarajiwa, ni 2 kwa kila sehemu, jumla 18. Kwa handikapu yako, 27 ni mwanzo wa kawaida. Ukifika 23 mfululizo wiki mbili, kadi yako itakuwa imeshaanza kushuka. Andika matokeo, na andika pia chipu ngapi zilibaki ndani ya mita moja, kwa sababu huko ndiko mikwaju inakookolewa. Hata wachezaji wa PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa ya Marekani, kutoka futi 8, yaani mita 2.4, huingiza takriban nusu tu, na wakikosa grini huokoa par karibu mara 6 kwa 10. Kwa hiyo usijilaumu kwa chipu iliyobaki mita mbili. Iliyochimbwa ndiyo ya kuifuta kwanza.

Wakati wa raundi napo kuna nafasi ambayo wengi hawaitumii. Kanuni za gofu zinaruhusu, baada ya kumaliza shimo na kabla ya kuanza linalofuata, kufanya mazoezi ya kuputi au kuchipu kwenye grini uliyomaliza au karibu nayo, ilimradi huwacheleweshi walio nyuma, na kamati ya klabu haijakataza kwenye kanuni zake za uwanja. Uliza kwanza ofisini. Kama inaruhusiwa, na hakuna anayesubiri, na umetoka kuchimba chipu dakika tatu zilizopita, dondosha mpira kwenye nyasi za namna ile ile, uzito kwenye mguu wa kushoto, upige mmoja, na utazame alama ilipo.